Kugusa bila Kugusana: Uhakiki wa Mguso katika Sanaa Shirikishi na Violesura vya Kidijiti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mguso unavyotumika kuunganisha watu katika sanaa shirikishi na katika usanifu wa violesura, yaani sehemu za mashine zinazokutana na mtumiaji. Hoja kuu ni kwamba mguso huunganisha watu pale tu ambapo kila upande unaweza kugusa, kuguswa na kuondoa mkono wake. Hoja hiyo inajengwa juu ya mnyambuliko wa kitenzi gusa, hususan tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendana. Kisha inapimwa kwa kazi nne: Diálogo de mãos (1966), Telematic Dreaming (1992), inTouch (1997) na Remote Pulse (2019). Sehemu ya mwisho inakigeukia kioo cha huduma za umma katika Afrika Mashariki, mahali ambapo kidole cha raia husomwa bila raia huyo kuwa na njia ya kujibu, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

Istilahi za msingi: mguso, kauli ya kutendana, sanaa shirikishi, kiolesura, alama za vidole

1.0 Utangulizi

Kioo cha kugusa si kitu kipya kama kinavyodhaniwa. E. A. Johnson, mhandisi wa Uingereza, alikwisha kukieleza katika maandishi yake ya mwaka 1965. Hata hivyo, ni baada ya iPhone kuingia sokoni mwaka 2007 ndipo kioo hicho kilipotoka katika vyumba vya wataalamu na kukaa katika viganja vya watu wa kila tabaka. Kwa wengi, ndicho kitu cha kwanza kuguswa asubuhi na cha mwisho kuachwa usiku. Matangazo ya biashara yakauita uhusiano huo ukaribu, na wabunifu wakasema kwamba vifaa vyao vinaunganisha watu.

Swali linalostahili kuulizwa ni nani anaunganishwa na nani. Kidole kinagusa kioo. Kioo hakigusi kidole. Rafiki aliye upande wa pili haguswi na kidole hicho, bali hupokea matokeo yake yakiwa maandishi, picha au mlio. Wasanii walianza kulichunguza swali hili miongo kadhaa kabla ya wafanyabiashara, na kazi zao zimeacha hazina ya majaribio ambayo usanifu wa vifaa haujaitumia ipasavyo.

Uhakiki wa sanaa shirikishi nao una udhaifu wake. Mara nyingi kazi husifiwa kwa sababu tu mtazamaji ameruhusiwa kuishika. Kigezo hicho hakitoshi. Mashine ya kutolea fedha nayo huruhusu kushikwa, na hakuna anayedai kwamba imemkutanisha na mtu. Panahitajika kigezo kinachotazama kinachorudi kwa yule aliyenyoosha mkono. Makala haya yanapendekeza kwamba kigezo hicho kimo ndani ya sarufi ya Kiswahili.

2.0 Kitenzi Gusa na Uhusiano wa Pande Mbili

Mnyambuliko wa kitenzi gusa unapanga mahusiano yote yanayojadiliwa hapa. Kugusa kunamtaja mtenda. Kuguswa kunamtaja anayepokea tendo, na papo hapo kunabeba maana ya kuingiwa na jambo moyoni: mtu huguswa na msiba wa jirani. Kugusika ni sifa ya kitu kinachoruhusu tendo hilo. Kugusana kunadai pande mbili zilizo watenda na watendwa kwa wakati mmoja. Haiwezekani kusema kwamba mtu mmoja amegusana. Sarufi itauliza, na nani?

Desturi ya salamu inaithibitisha hoja hii. Watu hushikana mikono, au hupeana mkono. Mkono wa pole na mkono wa Idi hautolewi hewani. Kuna kiganja kinachoupokea na kuurudisha kwa wakati uleule. Aliyenyimwa mkono hujua mara moja kwamba amekataliwa, na kujua huko kumo ndani ya tendo lenyewe.

Hata hivyo, kauli ya kutendana peke yake haithibitishi uhusiano wa kibinadamu. Nyaya mbili za umeme zikigusana hutoa cheche, wala hakuna aliyekutana na mwenzake. Kwa hiyo kigezo kinahitaji sharti la pili, nalo ni hiari. Wanaoweza kushikana ni wale wanaoweza pia kuachana. Pale ambapo upande mmoja hauwezi kuuondoa mkono wake, kiambishi cha kutendana kinakuwa pambo la nje, na tendo lenyewe hurudi kuwa la kutenda na kutendwa.

Msamiati wa simu nao una jambo la kufundisha. Kubofya, kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, kulikuwa kulibonyeza tunda kwa kidole ili kujua kama limeiva. Ni mguso wa kuuliza: embe hujibu kwa ulaini au ugumu wake, na mkono hupata habari ambayo jicho haliwezi kuitoa. Neno lilipohamishiwa kwenye kompyuta, swali lilibaki lakini tunda liliondolewa. Simu za kioo, kwa upande mwingine, zimeitwa na watumiaji wengi nchini Tanzania simu za kupangusa. Kupangusa ni kuondoa vumbi au maji juu ya kitu. Ni mguso usiotarajia jibu kutoka kwa kinachopanguswa. Walioliteua jina hilo mitaani walikisoma kiolesura kwa usahihi mkubwa kuliko matangazo yaliyokiuza.

3.0 Mguso katika Kazi Teule za Sanaa

3.1 Utepe wa mikono miwili

Mwaka 1966 wasanii wawili wa Brazili, Lygia Clark na Hélio Oiticica, walitunga Diálogo de mãos, yaani mazungumzo ya mikono. Kifaa chake ni utepe wa lastiki uliopindwa mara moja na kuunganishwa ncha, umbo lijulikanalo kama utepe wa Möbius, ambalo halina upande wa ndani wala wa nje. Utepe huo huzunguka mikono ya watu wawili, na mikono hiyo hujongea, huvutana na kutafutana.

Thamani ya kazi hii imo katika lastiki. Kamba ingeifunga mikono; hewa tupu ingeiacha huru bila habari ya mwenzake. Lastiki huusafirisha kila mjongeo mdogo wa upande mmoja hadi upande wa pili, lakini hulegea mkono unapotaka kutoka. Umbo la utepe nalo linaunga mkono hoja hiyo, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai kwamba yeye yuko ndani na mwenzake yuko nje. Masharti yote mawili yaliyotajwa, yaani kutendana na hiari, yametimizwa kwa kitu ambacho hakina waya, betri wala skrini.

Historia ya baadaye ya kazi za Clark ina onyo. Bichos, vyuma bapa vilivyoungwa kwa bawaba ambavyo alianza kuvitengeneza mwaka 1960 ili vikunjwe na kukunjuliwa na watazamaji, vimeishia mara nyingi katika makumbusho kama vitu vya kutazamwa tu. Katika maonyesho makubwa ya Clark yaliyofanyika mwaka 2014 katika MoMA, New York, nakala maalumu zilitolewa ili watu wazishike, huku vitu asilia vikilindwa. Uamuzi huo unaeleweka kwa upande wa uhifadhi, lakini unaonyesha kwamba kugusika si sifa ya kudumu ya kitu. Ni ruhusa inayotolewa na taasisi, na taasisi inaweza kuiondoa. Jambo hili litarejewa katika mjadala wa huduma za umma.

3.2 Kitanda cha watu walio mbali

Telematic Dreaming ya Paul Sermon ilionyeshwa mara ya kwanza huko Kajaani, Ufini, mwaka 1992. Vitanda viwili viliwekwa mahali tofauti na kuunganishwa kwa laini ya simu ya kidijiti. Kamera ilichukua picha ya aliyelala kwenye kitanda kimoja, na projekta ikaimwaga picha hiyo juu ya kitanda cha pili, ubavuni mwa mgeni aliyelala hapo. Runinga zilizokizunguka kitanda zilionyesha miili yote miwili pamoja. Mgeni aliyetaka kumgusa mwenzake alipeleka mkono mahali ulipo mwanga, na mwenzake akaujibu kwa kuuangalia mkono huo katika runinga. Jicho lilifanya kazi ya ngozi.

Ushahidi muhimu kuhusu kazi hii umetolewa na Susan Kozel, mcheza dansi na mwanafalsafa aliyeigiza ndani yake kwa majuma manne huko Amsterdam mwaka 1994, na baadaye akaandika kuhusu tukio hilo. Kwa mujibu wake, watu waliojongeza mikono polepole waliufanya mguso wa mwanga uhisike kama wa kweli. Lakini mgeni mmoja alipoipiga picha yake kiwiko cha tumbo, mwili wake halisi, uliokuwa katika chumba kingine, ulijikunja ijapokuwa haukupokea pigo lolote.

Wahakiki wengi hulichukua tukio hilo kama uthibitisho wa nguvu ya mwili pepe. Usomaji huo ni sahihi lakini haujakamilika, kwa kuwa unauacha nje mgawanyo wa nafasi. Mgeni aliingia kwa hiari, hakujulikana jina, na angeweza kuinuka na kwenda zake. Mwigizaji alikuwa kazini kwa saa kadhaa kila siku, na picha yake ilibaki kitandani ikimsubiri yeyote atakayekuja. Teknolojia iliwapa wote wawili uwezo wa kugusa, ila uwezo wa kuachana uligawanywa bila usawa. Hapo ndipo kugusana kulipovunjika na kubaki kuguswa. Sababu ya madhara haikuwa umbali wala mwanga. Ilikuwa mkataba uliowaweka watu wawili katika nafasi mbili tofauti juu ya kitanda kilichoonekana kuwa cha wote.

3.3 Mapigo ya moyo mpakani

Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Meksiko anayeishi Kanada, amefanya kazi kwa muda mrefu na vihisi vya mapigo ya moyo. Katika Pulse Room, iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Puebla mwaka 2006, mshiriki hushika vipini, na balbu huanza kuwaka na kuzima kwa mwendo wa moyo wake. Akiachia, mwendo huo huhamia kwenye balbu inayofuata, na chumba kizima hubaki kikipwita kwa mioyo ya waliotangulia. Kuna uzuri katika mpangilio huo, lakini kwa kigezo cha makala haya ni kumbukumbu zaidi kuliko mkutano: waliopita hawajui ni nani aliyesimama chini ya mwanga wao.

Remote Pulse ya mwaka 2019 ilipiga hatua nyingine. Vituo viwili vinavyofanana viliwekwa El Paso, upande wa Marekani, na Ciudad Juárez, upande wa Meksiko. Aliyeweka viganja kwenye mabamba ya kituo kimoja aliyahisi mapigo ya moyo ya aliyeweka viganja upande wa pili, na mwenzake akayahisi ya kwake. Hapa kutendana ni kwa wakati mmoja, na kila mtu anaweza kuinua mikono. Mahali pa kazi panaiongezea uzito, kwa maana mpaka huo hulindwa kwa ukuta na kwa vifaa vya kuutambua mwili. Kihisi ambacho kwingineko humsoma msafiri kwa niaba ya dola, hapa kinamsoma kwa ajili ya mtu mwenzake.

Pamoja na hayo, kazi hii ina mpaka wake. Moyo hauendeshwi na nia. Mtu hawezi kusema kwa mapigo yake kwamba amefurahi kukutana na mwenzake, wala kumwomba radhi. Anachoweza kukisema kwa hiari ni mambo mawili tu: nipo, kwa kuweka mikono, na ninaondoka, kwa kuiinua. Umaskini huo wa maneno ndio unaoifanya kazi iwe ya kweli, maana haiahidi zaidi ya inachotoa. Hata hivyo, haifai kuitwa mazungumzo.

4.0 Kutoka Kwenye Sanaa hadi Kwenye Kifaa

Katika fani ya usanifu, inTouch ni miongoni mwa majaribio yaliyokaribia zaidi kigezo cha kutendana. Ilibuniwa katika MIT Media Lab na Scott Brave pamoja na Andrew Dahley, na kuelezwa mwaka 1997 katika makala ya kitaaluma. Hiroshi Ishii alishiriki katika kuiendeleza. Kila mtumiaji huwa na kitako chenye vipande vitatu vya mviringo vinavyozunguka, mfano wa vifimbo vya kusukumia chapati vilivyopangwa sambamba. Kifimbo kikizungushwa upande mmoja, mwenzake huzunguka upande wa pili kwa nguvu ya mota. Watumiaji wote wawili huhisi kana kwamba wanakishika kitu kimoja.

Jambo la msingi ni kwamba aliye upande wa pili anaweza kukizuia kifimbo. Akikishika kwa nguvu, mwenzake huuhisi ukaidi huo viganjani mwake. Akikiachia, kifimbo huwa chepesi, na wepesi huo pia ni habari. Kukataa kumekuwa sehemu ya mguso, kama ilivyo katika mkono ulionyimwa salamu. Vifimbo havibebi neno, sura wala jina. Vinabeba nguvu na upinzani wake.

Linganisho na bidhaa ya sokoni ni la lazima. Saa ya Apple Watch, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ilimwezesha mtumiaji kuweka vidole viwili kwenye kioo na kumtumia rafiki mapigo ya moyo wake, ambayo humfikia kama mtetemo kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtazamo wa kwanza ni wazo lilelile la Remote Pulse, tena kwa bei ya bidhaa ya dukani. Lakini mapigo hayo hufika kama ujumbe. Mpokeaji huguswa baada ya mtumaji kumaliza kugusa. Akijibu, hujibu kwa ujumbe mwingine, na wakati huo mkono wa kwanza umekwisha kuondoka. Matendo mawili ya kutenda yaliyofuatana hayaundi tendo moja la kutendana, kama vile barua mbili zilizopishana njiani zisivyo mazungumzo. Kilichopotea kati ya kazi ya sanaa na bidhaa si teknolojia. Ni uwezo wa kuhisi, ndani ya tendo lenyewe, kwamba mwenzako anakaza au anaachia.

5.0 Kioo cha Huduma na Kidole cha Raia

Mjadala huu ungebaki wa majumba ya sanaa kama mguso usingekuwa leo mlango wa kupitia ili kupata huduma za umma. Alama za vidole zilitumika kuandikisha wapigakura wa Kenya kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2013. Nchini Tanzania, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na mwanzoni mwa 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Kwa kuwa laini ya simu ndiyo pochi ya wengi, kidole kimekuwa ufunguo wa fedha pia.

Kisarufi, tendo hilo ni la kutendwa tangu mwanzo hadi mwisho. Raia husajiliwa, husomwa, hutambuliwa au hukataliwa. Huweka kidole juu ya kioo na kusubiri. Kioo kikikataa, hakisemi sababu, na aliyesimama nyuma ya kaunta naye huwa hana jibu zaidi ya kuomba kidole kingine. Inafahamika katika fani hiyo kwamba mistari ya vidole hufifia kwa umri na kwa kazi nzito za mikono. Mkulima, mwashi, mponda kokoto na mfua nguo ndio wanaobeba hatari kubwa ya kutosomeka. Mkono uliofanya kazi zaidi ndio unaoambiwa kwamba hautambuliki. Hapa si suala la ladha ya kisanaa tena. Ni suala la haki.

Kioo cha simu kina upofu unaofanana na huo. Aina iliyoenea zaidi huhisi umeme wa ngozi badala ya kani ya kidole, hivyo kidole kilichovaa glovu ya kawaida, au chenye sugu nene, kinaweza kupita juu yake kana kwamba hakipo. Simu ya batani, inayoitwa kitochi, haikuwa na upofu huo. Kwenye kitufe cha tano mna kinundu kidogo, na kutokana na kinundu hicho kidole hujua zilipo tarakimu nyingine zote. Asiyeona, au mwenye kuona aliye gizani, aliweza kupiga namba na kupita katika menyu za nyota na reli bila kuomba jicho la mtu. Kinundu hicho hakikuwa mapambo: kilikuwa jibu la kifaa kwa kidole kilichouliza. Kuhamisha huduma zote kwenye kioo laini ni kulifuta jibu hilo, na programu za kusoma skrini kwa sauti, ijapokuwa ni msaada mkubwa, hulirudisha kwa wale tu wenye simu zinazozimudu na lugha wanayoielewa.

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa kwa washauri wa sera. Kwanza, kila huduma inayodai alama ya kidole iwe na njia mbadala iliyotajwa katika kanuni zake, ili asiyesomeka ahudumiwe kwa haki na si kwa hisani ya karani. Pili, kifaa kinachokataa kitoe sababu kwa lugha ya mtumiaji, kwa sauti au kwa mtetemo unaotofautisha kukubaliwa na kukataliwa, na kuwe na afisa mwenye mamlaka ya kuupitia upya uamuzi huo. Tatu, kabla ya serikali kununua vifaa, vijaribiwe na watu wenye sugu, wazee na wasioona; mikono laini ya ofisini isiwe kipimo pekee. Nne, huduma muhimu ziendelee kupatikana kupitia simu za batani, na uamuzi wa kuziondoa usichukuliwe kabla ya kuwashirikisha wanaozitegemea.

6.0 Hitimisho

Uhakiki wa kazi nne umeonyesha kwamba kila moja ilifanikiwa kwa kiasi ilichorejesha kwa aliyenyoosha mkono. Utepe wa Clark na Oiticica ulirejesha mjongeo na kuacha mlango wa kutoka. Kitanda cha Sermon kilirejesha ukaribu, lakini kikafichua kwamba hiari isipogawanywa kwa usawa, mguso hugeuka shambulio. Mabamba ya Lozano-Hemmer yalirejesha uhai bila maneno. Vifimbo vya inTouch vilirejesha hata kukataa. Mafanikio hayo hayakutokana na wingi wa teknolojia, kwa kuwa kazi ya mwaka 1966 ilitumia lastiki tu.

Kwa watafiti, kuna kazi ya kuendeleza. Kauli za kitenzi cha Kiswahili hufundishwa kama mada ya mofolojia, ilhali zinaweza pia kuwa zana ya kuhakiki vifaa na taasisi, kwa kuwa zinalazimisha kila tendo litaje watenda na watendwa wake. Kwa watunga sera, neno limekwisha kuwapo katika nyaraka zao: mara kwa mara huandika kuhusu wananchi wanaoguswa na sera. Kauli hiyo ni ya kutendwa. Sera ya kiolesura cha umma itakuwa imekamilika pale ambapo wanaoguswa nayo watakuwa na njia ya kuigusa, ya kuizuia, na ya kupata jibu.